Kitabu Kilichorudishwa Kabla ya Mwisho

Flemingdon Park, Toronto
12 Aprili 2025

Masi wangu mpendwa Shahida,

Salaam alaikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima na magoti yamekupunguzia adhabu. Sisi hatujambo. Idi tuliila vizuri. Nilipika biriani kama ulivyonifundisha, Kazim akala mpaka akalegeza mkanda. Anakusalimu sana. Kazi yake ya uhasibu bado inamchukua asubuhi na kumrudisha jioni akiwa hoi. Sidra ametimiza miaka tisa mwezi uliopita na amekuwa mrefu, nguo zote za mwaka jana zimemkataa.

Najua utashangaa kuona karatasi wakati kila mtu ana simu. Mara ya mwisho nilipokutumia ujumbe, Rafiq alikusomea kwa sauti pale kaunta, na mteja aliyekuja kununua kalamu akanitumia pole. Binamu yangu nampenda, lakini yule ni redio. Hili ninalotaka kukueleza liwe letu wawili.

Huu ni mwaka wa pili namsomesha Sidra mwenyewe hapa nyumbani. Meza ya kulia ndiyo darasa. Asubuhi hesabu na kusoma, mchana sayansi na Kurani, na jioni namsimulia Tanga ili asisahau kwao. Huku inaruhusiwa, na wazazi wengi hufanya hivyo. Mwezi wa pili, jirani yetu Zeena wa ghorofa ya tisa, ambaye naye anawasomesha wanawe nyumbani, alimchukua Sidra maktaba pamoja nao. Sidra akarudi na kitabu chenye jalada jeusi. Ni hadithi ya msichana anayeishi katika nyumba ambayo mlango wake hupungua kila asubuhi. Mwanzoni anapita wima, baadaye anainama, halafu anatambaa. Wenziwe wa nyumba hawaoni chochote. Masi, kitabu hicho kimewekwa rafu ya watoto, na kimebandikwa picha ya mzuka anayecheka.

Nilisoma kurasa chache nikashindwa kuendelea. Nikamnyang'anya Sidra akiwa katikati ya sura, nikampa Zeena akirudishe siku hiyohiyo. Sidra hakulia. Alikwenda kukaa chumbani kwake.

Mimi si mama wa kukataza vitabu, nimekulia juu ya duka la vitabu. Lakini naona mtoto wa umri ule hajaweza kutenganisha anachosoma na chumba anacholala. Mtu mzima akifunga kitabu cha kutisha, kimefungwa. Mtoto akikifunga, kinaendelea. Kesho yake nilimkuta anapima mlango wetu wa mbele kwa rula, akatia alama ya penseli ukutani. Tangu siku hiyo anapima kila asubuhi. Nikimwuliza ananiambia ni hesabu.

Kazim amepandisha hasira. Anasema mtoto anayenyang'anywa kitabu cha maktaba ni mfungwa, alitumia neno hilo hilo, na kwamba Septemba Sidra ataingia shule, apende asipende, nipende nisipende. Wewe anakuheshimu kuliko hata wazazi wake. Umeuza vitabu vya watoto maisha yako yote. Tafadhali mwandikie. Mwambie vitabu hivi vinaharibu watoto, na kwamba Sidra yuko salama zaidi nyumbani.

Nakuombea afya, nami nasubiri jibu lako nikiwa roho juu.

Binti wa dada yako, na binti yako wa kulea,
Kanizfatema

*

Tanga
9 Mei 2025

Kanizfatema mwanangu,

Wa alaikum salaam. Masika imetunyeshea vilivyo. Barabara ya Nane ilijaa maji, Rafiq akahamisha madaftari yote rafu za juu na sasa mimi sifikii kitu chochote dukani kwangu mwenyewe. Magoti yanauma. Daktari anasema nipunguze ngazi, kana kwamba ngazi za nyumba hii ni mapambo. Rafiq anakusalimu na anauliza kwa nini siku hizi huandiki kwenye simu. Nimemwambia huna chaji.

Hongera kwa miaka tisa ya Sidra. Mbusu.

Sasa kuhusu kitabu chako cha jalada jeusi. Watoto nimewaona wakiingia dukani na hela ya daftari mkononi, macho yakienda kwenye kitabu chenye fuvu. Wanaogopa hata kukigusa, lakini hawaondoki. Mtoto anayenunua kitabu kile akiwa na wenzake watatu, huyo simhofii. Watakisoma wamebanana kibarazani, watapiga kelele, watasukumana, yamekwisha. Ninayemfikiria ni yule anayekuja peke yake na kukisoma peke yake. Hofu ya pamoja ni mchezo. Hofu ya peke yako ni kitu kingine.

Wewe umesahau ulivyokuwa? Kila umeme ukikatika ulikuwa unaniganda nikuhadithie yule bibi asiye na kisogo. Ulitetemeka mwili mzima, na nikinyamaza unasema, endelea Masi. Lakini ulikuwa umeshika upindo wa gauni langu. Nguo zangu zote za wakati ule zimeraruka upande mmoja kwa ajili yako. Hata majlis ya maombolezo ya Muharam, fikiri vizuri. Watoto wanasikia pale mambo mazito kuliko mzuka wowote wa vitabuni. Wanalia wakiwa wamelala mapajani mwa mama zao, halafu wanakula pamoja na kurudi nyumbani. Hakuna aliyewahi kuwaonea huruma kwa hilo, kwa sababu hawakuwa peke yao.

Kazim sijamwandikia. Siwezi kutia saini jambo nisilolielewa. Nami nina maswali. Uliwahi kuniambia maktaba iko ng'ambo ya barabara tu. Kwa nini Zeena ndiye anayempeleka mwanao, na Zeena ndiye anayerudisha? Na anwani kwenye bahasha mbona si mwandiko wako? Wewe unatoka siku ngapi kwa wiki? Baridi imekwisha huko, nieleze ulichokiona nje.

Jirani yangu Minaz anakuja Toronto mwishoni mwa Juni kumwona binti yake. Atakuletea achari na ubuyu. Atahudhuria majlis zote, mtafute msikitini upande wa wanawake akupe salamu zangu uso kwa uso.

Wako asiye na subira,
Masi

*

Flemingdon Park
2 Juni 2025

Masi wangu,

Salaam nyingi. Barua yako imenifurahisha na kunichokoza kama kawaida yako. Wote wazima. Kazim amekohoa wiki nzima lakini amepona. Bonde lililo nyuma ya jengo letu limegeuka kijani kwa ghafla. Nikisimama kwenye roshani naona vilele vya miti tu, chini hakuonekani. Ndege wamerudi. Sidra amemaliza kugawanya kwa tarakimu mbili na anaandika vizuri.

Zeena hupita posta mara kwa mara, hivyo namwachia barua aitie bahasha na kuipeleka. Hilo tu.

Nimefikiri sana uliyoniambia, nami nakubali kwamba vitabu vya kutisha si vya aina moja. Nimejaribu kuvipanga kichwani kama unavyopanga rafu zako. Mizuka na mifupa naweza kuvumilia, mtoto hucheka nayo mwishowe. Zimwi msituni pia sawa, maana msitu una mwisho na mtoto anajua kwao kuko wapi. Hata wachawi, kwa sababu mchawi ana jina na anashindwa. Nisichoweza kukivumilia ni hadithi ambayo kinachotisha ni nyumba yenyewe. Mtoto akiogopa nyumba atakimbilia wapi? Mwandishi wa kitabu kama kile hajui anachofanya. Au anajua sana, na hilo ndilo baya zaidi.

Sidra amegoma. Nimemletea vitabu vya wanyama, vya wavumbuzi, vya watoto wa zamani, hagusi hata kimoja. Anasoma maandishi ya pakiti za maziwa. Halafu anajifungia bafuni na kujisimulia mwenyewe, kwa sauti ndogo, na nikibisha anakata. Kupima mlango hajaacha. Juzi alisema umepungua. Nikapima naye, nikamwonyesha kwamba namba ni ileile. Akanijibu, kwa Kiingereza chake maana Kiswahili anakisikia tu siku hizi, kwamba rula nayo inapungua.

Masi, ningependa nikufiche lakini nimechoka. Kuna saa za mchana ambapo sebule hii inanisogelea. Nahesabu na Sidra, nasikia lifti inapita nyuma ya ukuta, nasahau swali nililomwuliza. Akienda shule nitabaki humu peke yangu. Mwandikie Kazim, nakuomba. Muda unakwenda.

Minaz nitamtafuta.

Anayekuheshimu,
Kanizfatema

*

Flemingdon Park
10 Julai 2025

Masi wangu mpendwa,

Salaam alaikum. Mungu akubali maombolezo yenu ya Muharam. Nimewafikiria sana wa Tanga siku zote kumi.

Sisi tulihudhuria vizuri. Watu walijaa kweli. Nilikaa palepale pangu pa kila mwaka, upande wa wanawake, nyuma karibu na nguzo, Sidra kichwa chake mapajani mwangu. Msomaji wa mwaka huu ana sauti ya kukata maini. Siku ya Ashura hakuna aliyebaki na macho makavu. Wazee walipewa viti mbele, na sisi tulibanana kwenye zulia mpaka miguu ikafa ganzi. Nilikukumbuka ulivyokuwa ukinipangusa uso kwa ncha ya ushungi wako.

Minaz sikubahatika kumwona kwa ule msongamano, lakini mzigo ulinifikia kupitia kwa Zeena. Ubuyu umekwisha tayari. Achari naila kwa kijiko.

Kazim ameshaandikisha jina la Sidra. Shule inafunguliwa tarehe mbili Septemba. Bado barua moja kutoka kwako inaweza kubadilisha mawazo yake. Sijui unangoja nini.

Wako,
Kanizfatema

*

Tanga
1 Agosti 2025

Kanizfatema,

Wa alaikum salaam. Sisi wazima. Duka limejaa sare na mikebe ya hesabu, Rafiq kaumwa mgongo, na zaidi ya hapo leo sina habari za kukupa kwa sababu kichwa changu kina jambo moja tu.

Minaz amerudi. Alikuja kunisalimia hata kabla ya kufungua masanduku yake. Nikamwambia, pole hamkuonana na Kanizfatema, alikaa nyuma karibu na nguzo. Akasema, nguzo ipi? Mwaka huu upande wa wanawake ulifungwa, bomba lilipasuka na zulia lote liling'olewa. Wanawake walikodishiwa ukumbi wa mazoezi wa shule ya jirani. Hakuna nguzo. Hakuna zulia. Walikaa kwenye mikeka juu ya sakafu iliyochorwa mistari ya mpira wa kikapu, na msomaji walimwona kwenye kitambaa kikubwa cheupe.

Wewe ulikuwa nyumbani ukitazama mtandaoni. Kamera zinaonyesha mimbari na wanaume, upande wa wanawake hauonyeshwi kamwe, kwa hiyo ukajaza kutoka kichwani. Ulipaeleza vizuri. Nilipasoma mara tatu nikafurahi kwamba umekaa na watu.

Nilikasirika. Niliikunja barua yako nikaitupa kwenye droo ya risiti. Baadaye nililia, Rafiq akadhani ni magoti.

Sidra alikuja na Zeena. Minaz alimtambua kwa paji la uso, anasema ni lako tupu, akamkalisha na wajukuu wake wakati wa chai. Watoto wakaanza kutishana kwa hadithi, kama watoto wa mahali popote. Zamu ya Sidra ilipofika alisimulia hii, na mjukuu mkubwa alikuwa akimfasiria Minaz.

Kuna jengo refu, na ndani yake kuna mama. Lifti inasimama kila ghorofa na kumwita kwa jina lake. Mama haitiki. Kila siku asiyoitika anageuka ukuta kidogo, kwanza visigino, halafu magoti. Mama huyo ana binti. Binti amegundua kwamba akikaa karibu naye ukuta unasimama, na akiondoka, hata kwa kwenda kununua maziwa, ukuta unaendelea kupanda. Mjukuu wa Minaz akauliza, sasa huyo binti ataenda shule lini? Sidra akajibu kwamba hawezi kwenda. Wakamwuliza, mbona wewe leo umetoka? Akasema, leo Baba amebaki nyumbani.

Minaz alidhani ni hadithi. Nami nilimwacha adhani hivyo.

Mwanangu, wewe unaniandikia kwamba unamlinda Sidra na vitabu. Sidra hasomi nyumbani. Sidra anakulinda wewe. Ana miaka tisa na amepewa kazi ya kumzuia mama yake asigeuke ukuta, na hakuna aliyempa kazi hiyo, ameiona mwenyewe na kuishika. Anapima mlango kila asubuhi kwa sababu kuna mtu ndani ambaye kwake mlango umepungua kweli.

Sitamwandikia Kazim. Si kwa hasira. Hili ni lako kumwambia, kwa mdomo wako. Kwangu nataka jibu moja tu: tangu lini hutoki, na ilikuwaje?

Nakupenda kuliko ninavyoweza kuandika na magoti haya.

Masi

*

Flemingdon Park
25 Agosti 2025

Masi,

Barua yako imekaa chini ya kitambaa cha meza siku kadhaa. Nilikuwa nimekasirika. Nilitaka kukuandikia kwamba Minaz ni mbeya na wewe uko mbali, hujui. Nilianza karatasi mbili nikazichana.

Salaam alaikum. Kazim mzima. Sidra mzima. Mimi si mzima.

Ilikuwa majira ya baridi ya mwaka juzi. Tulikuwa tunatoka mimi na Sidra kwenda kununua viatu vyake. Lifti ikakwama kati ya ghorofa mbili, taa ikazimika. Nilibonyeza kengele, mtu akatujibu kwamba anakuja, halafu kimya. Masi, nilipoteza pumzi. Nilikaa chini na koti langu, nikawa nasikia mtu analia na sikujua kwamba ni mimi. Sidra alikuwa na miaka saba. Akanishika mkono wa koti akaniambia, sikiliza Mama, nikuhadithie. Akaanza kunihadithia bibi asiye na kisogo. Ile hadithi yako, niliyompa mimi mwenyewe. Akifika pabaya ananyamaza kidogo, ananiuliza niendelee? Nami nasema endelea. Tulikaa humo gizani mtoto akinisimulia mpaka walipofungua mlango.

Tangu siku hiyo siwezi. Mwanzo ilikuwa lifti tu. Halafu ikawa kibaraza mbele ya lifti, kwa sababu naisikia. Halafu ngazi. Halafu nikamwambia Kazim kwamba shule ya hapa sina imani nayo, nitamsomesha Sidra mwenyewe. Nilisema kwa ufasaha sana. Nilikuwa na sababu nyingi na zote zilikuwa nzuri. Na hadithi za kutisha nikazichukia kabisa, kwa sababu kila nikisikia moja ninarudi kwenye ile sakafu, na ninakumbuka nani alikuwa mama na nani mtoto.

Nimemwambia Kazim. Nilidhani atapiga kelele. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda akivua soksi moja, akasema alijua kwamba sitoki, ila hakujua kwamba siwezi. Kisha akasema kwamba yeye naye alikuwa anaogopa kuuliza. Amenipatia daktari ninayezungumza naye kwa kioo cha kompyuta. Ni mtulivu, ananisikiliza.

Halafu nilifanya jambo moja. Nilimwomba Zeena akilete tena kile kitabu cheusi. Niliketi na Sidra kwenye sofa, nikamwambia tukisome tangu ulipoachia. Alifungua ukurasa bila kutafuta. Masi, alikuwa anaukumbuka. Mlango ulikuwa umefikia usawa wa goti la msichana pale nilipomnyang'anya, na tangu mwezi wa pili mwanangu ameishi ndani ya nyumba ile, mlango ukipungua kila siku, hajui kama kuna mtu aliyewahi kutoka. Miezi yote hii nilikuwa nadhani kitabu ndicho kilichomtisha. Mimi ndiye niliyekifunga akiwa ndani.

Tulisoma mpaka mwisho siku hiyohiyo, chai ikapoa. Nilitetemeka, sikufichi. Sidra alinishika mkono wa gauni. Mwisho wenyewe si mkubwa. Mlango unakuwa mdogo kama sahani. Msichana anatoa mkono mmoja nje na kuuacha hapo. Basi. Usiku mlango unajaribu kufunga na hauwezi kwa sababu ya mkono. Kesho yake anatoa bega.

Sidra alifunga kitabu akasema, kumbe. Neno hilo alilisema kwa Kiswahili.

Shule ni wiki ijayo. Anauliza nani atakaa na mimi. Sijui nimjibu nini.

Kanizfatema

*

Flemingdon Park
2 Septemba 2025

Masi wangu,

Salaam alaikum. Nakuandikia nimeketi kwenye ngazi, karatasi juu ya goti, ndiyo maana mwandiko unayumba.

Asubuhi Kazim aliomba ruhusa ya kuchelewa kazini. Sidra alivaa mkoba mpya unaomzidi mgongo. Alipima mlango, kisha akanipa rula mkononi akasema kwa Kiingereza kwamba kuanzia leo nipime mimi, kwa sababu yeye atakuwa na kazi nyingi. Nikamwambia sawa. Akaniuliza kuta ziko wapi. Nikamwambia ziko mahali pake, na miguu yangu iko mahali pake, nikamwonyesha visigino vyote viwili. Alivigusa.

Nilishuka naye kwa ngazi. Nilitaka kufika mpaka geti la shule, nilikuwa nimemwahidi daktari na nimejiahidi. Ghorofa moja, halafu nyingine. Nilikuwa nimeshika ukuta, Sidra ameshika upindo wa gauni langu. Tulipofika kwa Zeena miguu ikakataa. Nilijaribu, Masi, nakuapia. Jasho lilinitoka, macho yakaingia giza, nikakaa. Kazim akasema tutarudi wote juu. Nikamwambia hapana, mpelekeni, mimi nitakaa hapahapa.

Sidra hakutaka kuniacha. Nikamwambia atakaporudi atanikuta kwenye ngazi hii, si ndani. Basi akashuka na baba yake na wana wa Zeena, waliokuja kumsindikiza mpaka getini. Nilisikia viatu vyao mpaka chini. Nilisikia mlango mkubwa wa jengo ukifunguka, na kabla haujafunga niliisikia sauti yake akicheka jambo fulani na wenzake.

Nimekaa hapa tangu wakati huo. Zeena amenitolea chai na mto wa kukalia. Watu wanapita wanasalimia, wanadhani nimefungiwa nje. Naona haya, na ninaogopa, na siwezi kushuka wala sitaki kupanda. Nimetoa mkono tu.

Barua hii sitampa Zeena. Nitaipeleka mwenyewe. Sanduku la barua liko nje ya mlango wa jengo, Sidra anasema ni jekundu na mtu amelichora uso. Sijui ni lini nitalifikia. Ukiipokea, angalia tarehe niliyoandika juu, kisha uangalie mhuri wa posta kwenye bahasha. Muda ulio katikati ndio nilioupitisha kwenye ngazi.

Nibusie magoti yako.

Kanizfatema

*

Tanga
4 Desemba 2025

Kanizfatema mwanangu,

Wa alaikum salaam. Mvua za vuli zimekuja kidogo tu mwaka huu. Minaz amepata mjukuu mwingine. Mgongo wa Rafiq umepona, na amenishushia madaftari rafu za chini bila kuombwa. Na mimi nimepanda ngazi leo mara mbili, nisione aibu mbele yako.

Barua yako imefika jana. Bahasha imekunjika pembe na ina alama ya kidole cha achari. Anwani ni mwandiko wako. Nilichukua kile kioo cha kukuzia, nikapeleka bahasha dirishani. Mhuri umefifia, siku haisomeki, lakini mwezi unasomeka vizuri. Oktoba.

Rafiq alikuwa nyuma yangu akichungulia. Akasema, ya Septemba hii, Masi, barua siku hizi zinachelewa sana.

Nikamwambia hii haikuchelewa.

Masi Shahida